Dar hadi Tunduma na Mama: barabara inayoogopa tochi tu

Nimerudi nyumbani juzi, na haya nimeyaandika kutoka kwenye daftari, tiketi na picha za simu. Safari ilikuwa ya Julai 2025. Nilikuwa na mama, tunakwenda Tunduma kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Mama magoti yanamsumbua, hawezi kukaa kwenye siti kutwa nzima, ndiyo maana tuliikata njia vipande: Morogoro, Iringa, Mbeya, halafu mpakani. Nauli, chakula na mahali pa kulala nitavitaja kwa faida ya watakaopita huko. Lakini siwezi kuisimulia safari hii nikaruka kilichotutia hofu njia nzima. Barabara ya TANZAM, hii kuu ya kwenda Zambia, naipita tangu utotoni, na uendeshaji wa namna hii sijawahi kuuona. Kinachouma zaidi ni kwamba trafiki walikuwepo, tena wengi.

Alhamisi: Dar es Salaam hadi Morogoro

Tulitoka Kimara alfajiri kwa bajaji, shilingi 7,000 hadi Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kipande cha Kimara hadi Kibaha siku hizi ni njia nane, kilomita 19 na ushei, barabara ya kujivunia kweli. Gizani humo bodaboda watatu walitujia uso kwa uso, kinyume na njia, wawili hawana taa. Daladala zilikuwa zinatanua pembeni, mahali ambapo watu wanatembea kwa miguu. Dereva wetu wa bajaji, kijana mpole, alikuwa akisema tu, “Pita kaka, pita,” kila alipochomekewa.

Kwa anayesafiri kwa mara ya kwanza: tiketi kata dirishani, usimfuate mpiga debe anayekubebea begi. Uliza basi linaondoka saa ngapi, kisha uliza tena kwa dereva mwenyewe. Sisi tulilipa 12,000 kila mmoja kwa basi la saa 12:30 asubuhi, likaondoka saa 1:40 kwa sababu siti za nyuma zilikuwa tupu.

Ucheleweshaji ule nautaja kwa makusudi. Saa nzima iliyopotea tukisubiri abiria, dereva aliikomboa kati ya Mlandizi na Chalinze. Niliwasha programu ya kupima mwendo kwenye simu: kilomita 98, 104, 111 kwa saa. Kisheria basi la abiria halipaswi kuzidi 80 nje ya makazi, na kwenye makazi mwisho ni 50.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona mchezo. Lori lililotoka mbele lilitumulikia taa mara mbili. Konda akasema bila hata kugeuka, “Tochi hiyo,” yaani kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Basi likashuka hadi 48, tukapita kijijini kwa heshima zote, trafiki amesimama chini ya mwembe na tochi yake mkononi. Mita mia tatu mbele dereva akakanyaga mafuta, na yeye akaanza kuwamulikia wanaokuja. Ikawa hivyo hadi Morogoro. Sheria yetu imekuwa ni yule mtu aliyesimama kando ya njia. Ukishampita, umeimaliza.

Chalinze mama alinunua machungwa na mayai ya kuchemsha, yai 500.

Msamvu, mjini Morogoro, tulishuka saa tano kasoro. Hapa ndipo Agosti 10, 2019 lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Nilitegemea kwamba mahali penye historia hiyo malori ya mafuta yangepita taratibu. Tulisimama robo saa kuvuka. Mama alikuwa amekwisha kukanyaga kivuko chenye mistari, na lori moja la mafuta likapiga honi ndefu na kupita bila kupunguza mwendo. Mwenye duka la simu ndiye aliyetoka, akanyoosha mkono na kusimamisha magari, akamshika mama hadi ng'ambo. “Shikamoo mama, pole. Hapa huwa tunavusha wenyewe.”

Tulilala nyumba ya wageni nyuma ya stendi, 30,000 kwa chumba chenye vitanda viwili. Wali, maharage na samaki 4,000.

Ijumaa: Morogoro hadi Iringa

Mabasi ya Dar kwenda Mbeya yanafika Msamvu kuanzia saa tatu asubuhi. Mengi yanakuwa na nafasi. Nauli hadi Iringa tulilipa 20,000.

Kijiji cha Doma tulikipita kwa 107. Kisha tukaingia Hifadhi ya Mikumi, barabara inayokatiza katikati ya mbuga kwa kilomita kama 50, na dereva huyo huyo akageuka mtu mwingine. Kuna matuta, kuna mabango ya mwendo, na kuna bango linalotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Tulipita kando ya tembo watano kwa mwendo wa pole kabisa. Pundamilia mmoja alisita barabarani, basi likasimama likamsubiri.

Nilifurahi kwa ajili ya pundamilia, lakini moyo uliuma. Kumbe uwezo wa kuendesha taratibu wanao. Faini ya papo kwa papo kwa makosa mengi ya barabarani ni shilingi 30,000, pungufu ya nauli ya abiria wawili kutoka Morogoro hadi Iringa. Mwenye basi anailipa na safari inaendelea. Nani atabadilika kwa hiyo?

Ruaha Mbuyuni ndiyo penye chakula. Mabasi husimama dakika 15, wakati mwingine 10, kwa hiyo shuka ukiwa umeshaamua unachotaka. Wali nyama ni 5,000. Vitunguu vya pale ni vizuri na bei nafuu. Ukiweza, nunua wakati wa kurudi. Mama lishe mmoja alipomwona mama anachechemea alimtolea kigoda chake, akamkandia goti kwa kitambaa cha maji ya moto huku sisi tukila, na pesa akakataa. “Huyu ni mama yangu pia.” Alituambia kwamba wenyeji wa chini ya mlima Kitonga, ulio mbele, wamezoea kusikia kishindo cha ajali, na wakikisikia vijana wanapanda pikipiki kwenda kuokoa kabla gari la wagonjwa halijafika.

Nikalizunguka basi. Tairi la nyuma upande wa kushoto, la nje, lilikuwa kipara. Si kwamba vijino vimepungua; kwenye ukingo wa ndani nyuzi za waya zilikuwa zimechomoza, nikazigusa kwa kidole. Nilimwonyesha konda.

“Kaka, hili tairi vipi?”

“Hilo linafika Mbeya na kurudi, bro. Usiwe na wasi.”

Kutoka Msamvu hadi pale tulikuwa tumepigwa mkono mara nne. Kila mara konda alishuka na mafaili, akaenda nyuma ya basi, akarudi, tukaondoka. Kilichozungumzwa huko sikukisikia. Ninachojua ni kwamba hakuna askari hata mmoja aliyeinama kutazama tairi.

Halafu Kitonga. Asiyepajua: ni mlima ambao barabara inaupanda kwa kona za kubanana, mwamba upande mmoja, bonde refu upande mwingine. Malori yenye mizigo ya Zambia na Kongo yanapanda mwendo wa mtu anayetembea. Mstari wa katikati ni mweupe usiokatika, maana yake hakuna kulipita gari lingine. Mbele yetu yalikuwa malori matatu yamefuatana. Dereva wetu alivumilia kona mbili, ya tatu akatoka.

Tulilipita la kwanza. Tulipokuwa sambamba na la pili niliona mkono: utingo wa lori la mbele ametoa mkono wote dirishani, anaupunga kwa nguvu kuturudisha nyuma. Lori la mafuta lilikuwa linashuka kwenye kona. Nafasi ya kurudi haikuwepo. Tuliyenaye sambamba ndiye aliyetuokoa. Alifunga breki, akalisogeza lori lake hadi likakwaruza mwamba, tukaingia mbele yake. Lile linaloshuka lilipita karibu kiasi kwamba nilisoma maandishi madogo ubavuni.

Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono, alama za kucha zilibaki hadi jioni. Nyuma yetu mtu akapiga makofi. “Suka huyo!” Wengine wakacheka. Nimelifikiria kofi lile kuliko hata lori. Dereva anayeshangiliwa kwa kosa kama lile, kesho atalirudia.

Tairi halikufika Mbeya. Lilipasuka Ilula, kwa bahati kwenye tambarare, basi likayumba na kusimama nusu barabarani. Pembetatu za kuakisi zilikuwa kwenye buti, chini ya magunia ya vitunguu. Vijana wa pale hawakungoja. Walikata matawi wakayapanga barabarani pande zote mbili. Mzee mmoja alileta kiti cha nyumbani kwake kwa baiskeli ili mama akae. Wauza nyanya walituletea uji, wakakubali 200 kwa kikombe baada ya kubembelezwa. Tulikaa zaidi ya saa mbili. Tulifika Iringa gizani, stendi ya Igumbilo. Bajaji hadi mjini usiku ni 5,000.

Jumamosi: Iringa

Baridi, goti la mama limevimba, tukapumzika.

Mwenye nyumba ya wageni (25,000, chai asubuhi imo) ni mzee aliyeendesha malori ya Zambia kwa miaka mingi. Jioni nilimsimulia ya Kitonga, naye akanieleza mambo ambayo abiria hatuyaoni.

“Mwanangu, madereva wengi hawana mkataba. Analipwa kwa safari. Asiposafiri, hali.” Alinikumbusha mgomo wa Aprili 2015, madereva waliposimamisha mabasi nchi nzima, watu wanakumbuka kwamba walikataa kurudishwa shule ili kupata leseni upya, lakini mikataba ya ajira nayo ilikuwa kwenye madai. Akanieleza kuhusu deiwaka, yule dereva wa kushikizwa anayepewa usukani kwa siku moja bila mwenye gari kujua. Akanieleza pia kuhusu mafuta. Dereva wa lori anapewa lita za kupima. Akitaka abaki na chochote cha kuuza, anaokoa mteremkoni: anaitoa gari gia na kuiachia ishuke yenyewe. Injini haisaidii tena kuzuia mzigo, kazi yote inabaki kwa breki, breki zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki. “Watasema breki zilifeli. Breki haifeli hivi hivi.”

Jumapili: Iringa hadi Mbeya

Nauli 18,000. Safari hii tuliomba siti za mbele, na mimi nikajutia kila nilichokiona. Dereva alikuwa na simu mkono wa kulia, anasikiliza ujumbe wa sauti na kujibu. Kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kilipoanza kulia kwa sababu ya kuzidisha, konda aliongeza sauti ya muziki. Vifaa hivi vimefungwa kwenye mabasi ili LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, waone mwendo wakiwa ofisini, na ni kazi nzuri. Lakini anayekufa ni abiria aliyeko ndani, na mlio ule ulimezwa na spika.

Eneo la Mafinga kuna Changarawe. Machi 2015 kontena lililalia basi hapo na kuua zaidi ya watu 40. Mama alisali kimya.

Mjini Mafinga tulisimamishwa na trafiki wa kike. Alikuwa amezuia magari pande zote watoto waliotoka kanisani wavuke. Konda alishuka na mafaili kama kawaida. Yule dada hakuyapokea. Alipanda ndani ya basi, akasimama mbele yetu, akauliza kwa sauti ya kawaida:

“Abiria, mnaendeshwaje?”

Kimya. Watu zaidi ya 50, kila mmoja anaangalia dirishani.

Mama akasema, “Mwanangu, anakimbiza. Na anaongea na simu tangu Iringa.”

Dereva akageuka. “Mama, wewe unajua kuendesha?”

“Sijui. Ninajua kusoma namba ile pale,” akamwonyesha dashibodi.

Trafiki alimwandikia. Kisha akauliza dereva wa pili yuko wapi, kwa kuwa basi linalosafiri zaidi ya saa nane lazima liwe nao wawili. Alikuwa amelala siti ya nyuma. Akaamshwa, akaulizwa leseni, akapewa usukani. Yote hayo yalichukua dakika 20.

Nikawa najiuliza kwa nini linawezekana Mafinga na halikuwezekana kwingine kote. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973 na ni ile ile kwenye vituo vyote. Tofauti ilikuwa moja: huyu alitazama uendeshaji, wengine walitazama karatasi.

Tulipoondoka, lawama zilimwangukia mama. “Umetuchelewesha, mama.” “Wazee wana matatizo, angepanda treni.” Dada mmoja aliyevaa sare za uuguzi alisimama kule nyuma akasema, “Mimi huwa nawapokea nyie mkiletwa bila miguu. Mwacheni mama.” Wakanyamaza. Baadaye alikuja kukaa na sisi, akampa mama vidonge vya maumivu na maelekezo ya kuvinywa.

Hadi Makambako tulikwenda 78, 80. Hakuna aliyekufa kwa kuchelewa. Makambako kuna baridi kali Julai, beba sweta ndani ya basi, usiliache kwenye buti. Ndizi nyama 4,000, chai ya maziwa 1,000.

Baada ya Igawa yule dereva wa kwanza akarudi kwenye usukani. Hapakuwa na mtu wa kumzuia; Mafinga ilikuwa mbali. Chimala, Igurusi na mteremko wa Inyala sitaki kuvieleza. Mbeya tulifika saa kumi na moja jioni.

Jumatatu: Mbeya hadi Tunduma

Kosta, 6,000. Hapa kuna jambo nililoliona na nikapata nguvu kidogo. Mteremko wa Iwambi, kabla ya Mbalizi, ndipo Juni 7, 2025 lori lilipokosa breki, likagonga magari mengine ikiwemo daladala, na watu 28 wakafariki. Ulikuwa umepita kama mwezi na nusu. Kosta yetu ilipofika pale dereva alipunguza bila kumulikiwa na mtu, akateremka kwa gia ndogo, muziki amezima. Mzee aliyekaa jirani yangu aliniambia hivyo ndivyo wanavyopita wengi wao tangu siku ile. Nilimuuliza itadumu hadi lini. Akasema Mbalizi imezika watu wengi kabla ya hao, na kila mara madereva walitulia kwa miezi miwili, mitatu.

Kutoka Mpemba foleni ya malori ilianza. Kosta ikatanua kwenye vumbi, bodaboda na watoto wa shule wakikimbilia mtaroni. Ukiwa na mzigo mdogo, shuka kabla ya foleni, chukua bodaboda hadi mjini kwa 2,000, lakini dai kofia ngumu. Wengi wanayo imening'inia kwenye usukani. Niliomba moja, kijana akanipa na yeye akavaa ya pili.

Mtoto ni wa kike, kilo 3.4.

Kurudi

Mdogo wangu alitushauri tupande basi la usiku, lifike Dar asubuhi. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya kukatazwa miaka mingi. Mimi nilikataa. Usiku trafiki ni wachache, na kama mchana wanaogopa tochi tu, usiku wanaogopa nini? Tulirudi mchana kwa vipande vile vile, na Morogoro tukapanda treni ya SGR, 13,000 daraja la kawaida. Kata tiketi mapema kwa mtandao na uje na kitambulisho. Iliondoka kwa wakati, chini ya saa mbili tuko Dar, na mama alilala usingizi.

Machache kwa anayejiandaa kwenda. Piga picha namba ya usajili ya basi kabla ya kupanda. Namba ya bure ya LATRA hubandikwa ndani ya basi. Ihifadhi kwenye simu mapema, maana ukiwa Kitonga hutaitafuta. Ukilalamika, taja mahali, saa na mwendo. Picha zangu na namba za mabasi yote mawili, la Ijumaa na la Jumapili, nimezituma kwa wanaohusika, nikaomba waangalie VTS ya siku hizo. Kagua tairi mwenyewe. Likiwa kipara, shuka, nauli utaidai baadaye. Na abiria mwenzako akimwambia dereva apunguze, muunge mkono hata kwa neno moja. Mafinga mama alianza peke yake, na sikutaka abaki peke yake. Niliongea baada yake, lakini watu wawili kati ya hamsini ni wachache mno.

Ubatizo ni Desemba. Mama amekwisha kusema atakwenda kwa treni ya TAZARA ikiwa itakuwa inasafiri, hata ikichelewa siku nzima, na ameniagiza nifuatilie ratiba kuanzia Oktoba.